Darasa Zima Uwanjani: Shajara ya Mradi wa Muziki wa Darasa la Tatu

Januari, shule zimefunguliwa

Mwalimu Mkuu amekubali. Kwenye mahafali ya Darasa la Saba mwaka huu hakutakuwa na kikundi cha ngoma cha watoto kumi na wawili waliochaguliwa. Litaimba Darasa la Tatu zima, watoto zaidi ya 80, na hakuna hata mmoja atakayebaki kivulini akiwapigia wenzake makofi.

Naandika shajara hii ili walimu wenzangu wa shule za msingi, hasa wa vijijini, waione kazi inavyokwenda mwezi hadi mwezi. Shule yetu iko wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Watoto wengi ni Wagogo, wachache ni Warangi, Wasukuma na Wamasai ambao wazazi wao wamehamia huku.

Desturi yetu mnaijua. Mwezi wa nane mwalimu anaingia darasani na kuuliza nani anajua kucheza, mikono ya wale wale wachangamfu inanyooka, na uchaguzi umekwisha. Waliobaki wanaondoka na funzo ambalo hakuna aliyekusudia kuwapa, kwamba muziki una wenyewe. Mtoto wa miaka minane akishaamini kwamba hana sauti, imani hiyo anazeeka nayo. Nimewaona watu wazima wakifumba midomo kila wimbo unapoanza, misibani na kanisani. Mimi sikubali kwamba yupo mtoto wa umri huu asiye na sauti. Yupo ambaye bado hajajifunza kuisikiliza sauti yake.

Muda upo. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu, kwa hiyo simnyang'anyi mtu kipindi. Vifaa ni ngoma mbili, moja ngozi yake imechanika. Kinanda hatuna.

Februari

Tumeanza na miguu, sauti itasubiri. Watoto hawa wanajua kupiga makofi, ila wakishaanza wanaongeza mwendo, na wimbo ulioanza kwa kutembea unaishia mbioni. Umri wao ndivyo ulivyo: mwili mdogo una mwendo wa haraka, na furaha inauharakisha zaidi. Ukimwambia mtoto "polepole" anapunguza sauti badala ya mwendo. Ukimtembeza anaelewa. Kila kipindi tunazunguka uwanja kwa hatua sawa tukihesabu kwa sauti, kisha tunahesabu moyoni huku tukitembea, kisha tunasimama kabisa na hesabu inaendelea kichwani. Naweka mkono juu, nauliza: "Tumefika ngapi?" Mwezi ulipoanza majibu yalitapakaa kama kunde zilizomwagika. Sasa wengi wanaitamka namba moja kwa pamoja, na hapo najua pigo limeingia ndani ya mtoto.

Baada ya pigo, mdundo. Nota za ubaoni zitakuja, lakini mtoto hasomi neno ambalo hajawahi kulitamka. Kwa sasa tunatumia majina ya vyakula. Mboga ina silabi mbili, ugali tatu, maharage nne. Ukilitamka "mboga" na "ugali" kwa muda ule ule, ndani ya hatua moja ya mguu, umepata mbili juu ya tatu, na ngoma nyingi za huku kwetu zimejengwa juu ya mgongano huo.

Tunafanya hivi. Nusu ya darasa inakaa upande wa madirisha, nusu upande wa mlango. Wa madirishani wanakanyaga mbo-ga, mbo-ga, kwa usawa, wala hawakomi, mpaka miguu inajiendea yenyewe. Ndipo wa mlangoni wanaingia kwa makofi, u-ga-li, u-ga-li. Kanuni ni moja tu: "mbo" na "u" ziangukie pamoja. Katikati kila kundi liende zake. Siku za mwanzo kundi lenye sauti kubwa lilikuwa linalimeza jingine, nikawageuza wapeane migongo. Walipozoea wakatazamana. Mwisho wa safari ni mtoto mmoja kubeba yote mawili, mboga miguuni, ugali mikononi.

Hatua hiyo ya mwisho sikuifundisha mimi. Wamefundishana wenyewe wakati wa mapumziko, chini ya mwarobaini, na waliotangulia ni wasichana, wale wanaocheza kila siku michezo ya kuruka na kugongana viganja. Michezo hiyo ni shule kamili ya muziki na tumeiacha nje ya darasa miaka mingi. Mwalimu wa Hisabati amechungulia, amesimama kidogo, kisha ameuomba mchezo wa ugali na mboga kwa ajili ya Darasa la Tano watakapofika kwenye kigawe kidogo cha shirika. Nimempa kwa mikono miwili.

Machi

Sauti. Huu ndio mwezi mgumu na ndio nilioupenda zaidi.

Shule zetu zimewazoeza watoto kupayuka. Majibu darasani ni kwa pamoja na kwa nguvu, na wimbo wa mstarini asubuhi husifiwa ukisikika hadi barabarani. Mtoto anayepayuka anatumia koo peke yake, hajisikii wala hamsikii jirani. Nimeweka sheria moja ukutani kwa maandishi makubwa: IMBA HUKU UKIMSIKIA JIRANI. Usipomsikia, umezidisha.

La pili ni sauti yangu mwenyewe. Mimi ni mwanaume, naimba chini yao kwa ngazi nzima ya nota nane. Mtoto anayejitahidi kunifuata hasa nilipo anashuka mpaka ananguruma, na wenzake wanacheka kwamba hajui kuimba, kumbe anasikia vizuri sana. Sauti za umri huu hukaa vizuri ndani ya nota sita au saba zilizo juu ya do ya katikati ya kinanda. Ukizishusha chini ya hapo zinakufa. Kwa hiyo wimbo wetu unaanzishwa na mtoto. Mimi naonyesha kwa mkono, sauti ya kuigwa inatoka kwa mwenzao. Walimu wa kiume, lijaribuni hili kabla ya jingine lolote.

Kuifungua sauti ya juu tumemtumia fisi. Hapa kila mtoto anamjua, usiku analia nyuma ya zizi: sauti inaanzia chini, inapanda bila kukatika, inamalizikia juu kabisa. Watoto wakimwigiza fisi, sauti inatoka kifuani na kuhamia kichwani bila mimi kueleza neno. Baada ya fisi, nota ambazo jana walisema ni za juu mno zinafikika.

Kisha tumekwenda kwenye kuitana. Mtoto anayemwita mama yake aliye mbali hupandisha silabi ya kwanza na kuishusha ya pili. Umbali huo wa kushuka ni so na mi, na walimu waliofuata njia za Zoltán Kodály wa Hungaria na Carl Orff wa Ujerumani huanzia hapo hapo na watoto wadogo. Sisi tunaitana majina uwanjani. Mmoja anaita, darasa linarudisha vile vile alivyoita, si juu zaidi, si chini zaidi. Kwa dakika chache kila mtoto ameimba peke yake mbele ya wenzake bila kutambua kwamba ameimba peke yake.

Kwa wale wasioipata nota, tumegeuza kazi. Hafuati yeye darasa, darasa linamfuata yeye. Anatoa sauti yoyote iliyomjia, wote tunaishika ile ile na kukaa hapo. Uso wa mtoto anapoisikia sauti yake imezungukwa na sauti za wenzake zilizo sawa naye unabadilika. Kwa mara ya kwanza anajua kulingana kukoje. Tukishakaa hapo tunapanda pamoja nota moja, na mara nyingi anapanda nasi.

Nina mvulana mwenye kigugumizi. Tangu Darasa la Kwanza hajibu swali mbele ya watu, na walimu tumekuwa tukimruka kwa huruma. Katika kuitana aliita jina la mwenzake safi, bila kukwama. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wakiimba. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo, sasa nimelisikia kwa masikio yangu. Nimemwambia atakuwa mmoja wa waanzishaji, kwa zamu kama wengine.

Aprili

Mahudhurio yameshuka. Uwele na mtama vimetoa mashuke, kwelea kwelea wamefika, na watoto wanakwenda kuamia ndege mashambani. Sigombani na mzazi kwa hili, maana ndege hao wakishuka kwa kundi wanamaliza chakula cha mwaka kwa asubuhi chache.

Wanaokuja nimewaomba watuletee wanavyoitana wakiwa juu ya madungu. Kumbe tuna hazina. Kila familia ina mwito wake wa kuwafukuza ndege, na shamba hili linaujibu mwito wa shamba lile, wengine wanatoka sauti ya kifuani wanarukia ya kichwani na kurudi, kwa wepesi ambao mwanakwaya wa mjini angeuhangaikia. Nimewaomba wawafundishe Warangi na Wasukuma wa darasa letu. Katika miito hiyo kuna nota moja inayojirudia ambayo solfa yangu, ile ya do, re, mi, haina pa kuiweka. Naifuatilia.

Mei

Nimekwenda kwa mzee mmoja wa kijiji anayetengeneza marimba na zeze, nikamwomba aje shuleni. Amekuja pamoja na shemeji yake, bibi ambaye alikuwa kiongozi wa ngoma ya muheme enzi za ujana wake na bado anaipiga. Watoto walisimama: "Shikamoo Babu, shikamoo Bibi." Bibi akaitikia marahaba, kisha akawageukia tena kwa salamu ya nyumbani, "Mbukwenyi!", na darasa likalipuka kwa furaha.

Marimba ya Kigogo, ilimba kwa wenyewe, ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Babu aliwaonyesha watoto kitundu cha kwenye sanduku kilichozibwa kwa utando wa buibui. Huo ndio unaotoa ule mvumo wa kuwasha juu ya kila nota. Walipanga mstari kukitazama, mmoja mmoja, wameshika pumzi wasije wakautoboa.

Nikamwomba apige vyuma kwa mpangilio, kutoka nzito kwenda nyembamba, nami nikaimba solfa. So. Kisha nota ile isiyo na jina. Kisha do, re, mi. Nota yenyewe iko juu ya la na chini kidogo ya ta, yaani ti iliyoshushwa nusu hatua, na watoto wa Kigogo wanaitoa sawasawa kila mara. Mimi niliyelelewa na kwaya ndiye niliyekuwa naivuta kwenda ta.

Sababu yake imo ndani ya uzi. Zeze likipigwa, uzi mmoja una sauti nyingi zilizofichama: ukiugusa kwa wepesi katikati unatoa sauti moja, ukiugusa kwenye theluthi unatoa nyingine, na kuendelea. Ngazi ya Kigogo inafuata sauti hizo za asili, ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa na ya kumi. Ile ya saba ndiyo nota yetu. Kinanda hakina funguo yake, kwa kuwa kinanda kimegawanywa kwa kipimo kingine. Nilimwomba Babu anishikie zeze, nikapima uzi kwa rula, nikaugusa kwenye sehemu ya moja ya saba. Mlio ulitoka mdogo, lakini ulitoka, na mtoto wa dawati la mbele akasema: "Hiyo ndiyo ya ndege!" Alikuwa na maana ya mwito wa shambani.

Solfa siitupi. Sarah Glover aliianzisha Norwich, Uingereza, John Curwen akaieneza katika karne ya 19, wamisionari wakaileta huku, na hadi leo kwaya nyingi za Tanzania zinaandika nyimbo zake kwa d, r, m. Watoto wangu wataijua. Ila kwa wimbo wa mahafali tumekubaliana: tutaimba katika ngazi ya marimba, na nota ya saba itakaa pale wanapoiweka wao. Niliwapa ishara ya mkono ya nota hiyo wakaikataa, wakabuni ishara yao, kidole gumba kikielekezwa mbinguni mahali ndege walipo.

Kabla Babu na Bibi hawajaondoka niliwaeleza watoto kwamba Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma, aliuchukua muziki wa aina hii akaufikisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kwenye majukwaa ya Ulaya, na kwamba alifariki mwaka 2003. Waliuliza kama na yeye aliwahi kuamia ndege. Babu akasema Mgogo gani hajaamia ndege.

Juni

Likizo. Mavuno. Tumeazimia mtoto aje na kimoja kati ya hivi shule ikifunguliwa: matete makavu, mbegu ngumu, kopo lenye mfuniko, au habari za ngozi ya mbuzi.

Julai

Matete yamekuja mengi, makopo mengi zaidi, na ngozi moja. Mzazi mmoja alichinja kwa ajili ya ugeni akatukumbuka. Tumeiloweka, tumeikwangua manyoya, tumeiwamba kwenye ngoma iliyochanika na kuikaza kwa vigingi, kisha tukaianika juani. Kila mtoto ameugusa uso wa ngoma ikiwa mbichi, akaugusa tena ikiwa kavu, na kusikia mlio unavyopanda kadiri ngozi inavyokaza. Kayamba tumetengeneza wenyewe, matete yakifumwa kwa kamba na mbegu zikitiwa ndani. Zile za mwanzo zilikuwa na mbegu nyingi mno, zikawa na sauti ya mchanga. Mbegu chache ndizo zinazotoa mdundo unaosikika.

Bibi anakuja kila juma sasa. Muheme ni ngoma ya kina mama: mpigaji anaibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Nilimweleza kwamba katika mradi huu nataka kila mtoto apige. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "mvulana ajifunze mdundo, nani atamnyima? Lakini muheme uwanjani ni wa mabinti. Wavulana watavaa njuga wataruka." Tumeafikiana hivyo. Wavulana wanajifunza midundo yote kwenye makopo na madawati, uwanjani watakuwa na kayamba na njuga. Nimeridhika kwa sababu mbili. Ngoma hii ni yake, mimi nimeazima. Halafu katika shule zetu kifaa chochote kikiletwa darasani, wavulana ndio wa kwanza kukidaka, na wasichana hubaki kuitikia. Safari hii walioketi mbele na ngoma ni wasichana, na wenzao wote wanaufuata mkono wao.

Amewafundisha pia kitu ambacho nilikuwa nimekipanga kwa majuma mengi, naye amekimaliza asubuhi moja. Nilitaka sauti ya pili. Yeye aliwaambia: "Mwenzako akiwa hapa, wewe ruka moja ukae ya mbele yake." Yaani ukimsikia mwenzako yuko so, ruka ile ya saba, kaa do. Akiwa do, ruka re, kaa mi. Katika ngazi ya nota tano kanuni hiyo inatoa sauti mbili zinazokwenda sambamba bila kuandika chochote. Watoto wa Kigogo waliingia mara moja. Wengine walisimama katikati yao, wakabebwa.

Maneno ya wimbo ni ya watoto. Nilitoa swali moja tu: mtawaambia nini kaka na dada wa Darasa la Saba? Walibishana sana, kwa sauti, kwa hoja, na nimeyachukua yale waliyokubaliana:

*Mlitushika mkono siku ya kwanza,*
*njia ya kisimani mlituonyesha,*
*nendeni salama, madawati mmetuachia.*

Mwalimu mmoja alishauri mstari wa mwisho uondolewe, haufai mbele ya mgeni rasmi. Umebaki. Watoto wetu wanakaa wanne wanne kwenye dawati moja, na anayehitimu anaacha nafasi kweli.

Agosti

Mazoezi ya darasa zima, nje. Upepo wa mwezi huu wa Dodoma na vumbi lake vinakausha koo, kwa hiyo maji kwanza, wimbo baadaye, na hakuna mazoezi saa saba mchana.

Tuliwapanga kwa mistari mirefu kama ya gwaride na mdundo ukavunjika. Kosa si la watoto. Sauti inasafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtoto aliye mita 30 kutoka kwenye ngoma anaisikia karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kupigwa, na kwa mdundo wa haraka hiyo ni tofauti kubwa. Sasa wanasimama nusu mwezi, safu nne, ngoma zikiwa kitovuni. Wafupi mbele, lakini waimbaji imara nimewatawanya kila safu, na kila aliyekuwa na shida ya nota yuko kati ya wawili wanaoishika.

Kuzoea macho ya watu tumefanya kwa ngazi. Kwanza tuliwaimbia Darasa la Kwanza, ambao wanashangilia kila kitu. Kisha Darasa la Sita, ambao hawashangilii chochote. Kisha tulikwenda mashine ya kusaga, kina mama wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, tukasubiri mashine izimwe, tukaimba. Wawili watatu waliweka ndoo chini na kuitikia. Watoto walirudi shuleni wamenyooka mabega.

Kamati ya Shule imekaa. Mjumbe mmoja alipendekeza spika ikodiwe na watoto wacheze bongo fleva, wageni wachangamke. Mwingine aliomba wachangamfu wawekwe mbele na "wale wengine" wapunguzwe, wingi usije ukaleta fujo. Sina ugomvi na bongo fleva, watoto wanaipenda nami naipenda. Lakini mtoto anayecheza muziki wa spika ameazimwa muziki kwa dakika nne, spika ikizimwa hana kitu. Hawa wa kwangu umeme ukikatika wataendelea. Kuhusu kupunguza, niliwaomba wajumbe waje kwenye mazoezi wanionyeshe wa kuondoa. Walikuja. Hawakumwonyesha yeyote.

Jambo jingine lilihitaji uamuzi, nalo ni kutuza. Mgeni akipendezwa anainuka na kumbandika mtoto noti kwenye paji la uso, na daima ni mtoto yule yule wa mbele, mrembo, aliyevaa vizuri. Wengine wanaona. Tumeweka ungo mmoja mbele ya ngoma; mwenye kutuza aweke humo, MC ataeleza mapema. Mavazi ni sare ya shule kwa wote. Aliye na viatu avivue, tunakanyaga pamoja.

Septemba, mahafali

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umepita, na sherehe imefanyika uwanjani.

Tuliwekwa baada ya risala. Jenereta la MC lilikuwa linavuma karibu na nota ya waanzishaji, na mtoto wa zamu akaanza juu kidogo kuliko mazoezini ili asichanganywe. Darasa likamfuata pale alipo. Miezi yote ya kuitana majina ilikuwa kwa ajili ya sekunde zile.

Miguu iliingia, kisha kayamba, kisha mabinti na muheme. Kwenye ubeti wa pili mwendo ulianza kukimbia, nikaona safu ya nyuma wakitazamana miguu, wakaushusha wenyewe bila mimi kuinua mkono. Sehemu ya ugali juu ya mboga haikwenda vizuri: upande wa kulia ulipotea, ukakaa kimya hatua kadhaa, ukarudi kwenye "mbo". Kurudi kwao nimekufurahia kuliko kama wasingepotea. Yule mvulana wangu alianzisha ubeti wa tatu, kwa zamu yake, na hakuna mgeni aliyejua kwamba kuna jambo la kujua. Mama yake alijua.

Kisha likaja ambalo hatukulifanyia mazoezi. Kiitikio kilipofika mara ya mwisho kina mama waliokaa kwenye nyasi waliingia, vigelegele kwanza, halafu sauti ya pili, na wengine ya tatu, na nota ya saba ikalia uwanja mzima, imekaa pale pale watoto walipokuwa wameiweka. Darasa la Saba walipaswa kubaki wamekaa kwenye viti vyao vya heshima. Walisimama wakacheza.

Mgeni rasmi aliuliza hawa ni kikundi gani. Mwalimu Mkuu akamjibu: "Hili ni darasa, mheshimiwa."

Oktoba

Nimemsikiliza kila mtoto peke yake, kwa kuitana, kama Machi. Wengi wa wale walioshindwa kushika nota wanaishika wakiwa kwenye sauti zao za juu. Wapo wachache ambao bado wanaipata wakiwa na jirani tu, na peke yao wanayumba. Nao nitaendelea nao Darasa la Nne. Nimeshazungumza na mwalimu wao, atanipa muda kabla ya mstari wa asubuhi.

Solfa tumeanza kuiandika sasa, d, r, m, s, juu ya nyimbo ambazo tayari wanazijua. Inakwenda haraka, kwa kuwa masikio yametangulia. Nota ya saba wanaiandika kwa kuchora ndege.

Fedha za ungo zimehesabiwa mbele ya watoto na Kamati. Wamepiga kura: ngozi mbili za mbuzi na mbao za kutengenezea ilimba moja. Babu anasema ataichonga shuleni, wakitazama, kuanzia mvua za kwanza zitakapomzuia kwenda shamba. Mwalimu wa Darasa la Pili ameomba kuanza mapema, kwa hiyo fisi na kuitana vinahamia kwake Januari, nami napokea Darasa la Tatu jipya kuanzia kwenye ugali na mboga. Bado tunatafuta mahali pakavu pa kuhifadhi ngoma wakati wa masika. Ofisi ya walimu inavuja kona ya madirishani.